Vipande Tisa vya Hellena

Watu wa Milanzi, kule Sumbawanga, wana ugonjwa mmoja usio na dawa hospitalini: hawawezi kuona magugu wakanyamaza. Paa livuje, mbuzi apotee, mume anune wiki nzima, yote hayo yanavumilika. Lakini shamba la mtu likiota magugu, basi, jina lake limekwisha. Atasemwa kisimani, atasemwa kwenye jumuiya ya sala, na padri akisoma Injili ya mpanzi shingo zote zitamgeukia yeye.

Hellena alizaliwa katikati ya ugonjwa huo, akakulia humo, na bado akausahau. Chuo ndicho kilichomsahaulisha. Miaka miwili tu ya kukaa na watu wanaosema magugu ni "takwimu", mtoto wa mkulima akasahau magugu ni nini kwa mama yake.

Alikuwa mwaka wa pili, anasoma kilimo katika chuo kikuu cha serikali, mbali, safari ya kulala njiani. Na hapo chuoni kulikuwa na kitu kinaitwa Programu ya Mahiri. Chuo kizima, maelfu ya wanafunzi, huchukuliwa kumi na wawili. Ukiingia unapewa mwalimu wako mwenyewe wa kukusimamia, maabara unafunguliwa muda wowote, na ukimaliza shahada nafasi ya uzamili inakusubiri mezani kama chai. Lakini huingii ila mwaka wa pili. Ukivuka kwenda wa tatu bila kuchaguliwa, mlango umefungwa, kapige hodi kwingine.

Maksi Hellena alikuwa nazo. Kilichobaki ni utafiti wake mwenyewe, wa shambani, wenye namba alizozihesabu kwa mkono wake. Wengine walihangaika kutafuta cha kuchunguza. Yeye alikijua tangu siku ya kwanza, na kilikuwa nyumbani kwao.

Msimu wa nyuma bibi yake, Evodia, alikuwa amelima intumba kwenye kona ya shamba, akafa miezi miwili baadaye. Intumba ni yale matuta ya duara ya Wafipa: unakata nyasi pamoja na udongo wake, unazigeuza, unazifukia katikati, zinaoza humo, na msimu unaofuata unasambaza udongo ule na kupanda. Vijana walikuwa wameachana nayo, wanasema ni kazi ya kuvunja viuno, afadhali ng'ombe na mbolea ya mfuko. Bibi aliwajibu siku zote kwa neno lilelile: "Nyasi ukizizika vizuri hazifufuki." Hellena alitaka kuwaonyesha maprofesa kwamba bibi yake, aliyetia sahihi kwa dole gumba, alikuwa anajua.

Wakati wa Krismasi, mvua zikiwa zimechelewa, alikuja akapima vipande tisa. Vitatu vilikuwa kwenye udongo wa intumba za bibi. Vitatu vililimwa kwa ng'ombe wa Masanja, jirani yao Msukuma, vikatiwa mbolea. Vitatu vililimwa hivyohivyo na kuachwa bila kitu. Akapanda mahindi siku moja, mbegu moja, akachomeka vijiti vilivyopakwa rangi: vyekundu, vya bluu, vyeupe. Kisha akawaita wazazi wake pale pembeni.

"Baba, mama, nasafiri. Hapa msiguse. Msipalilie hata kidogo. Nikirudi mwezi wa tatu nitayahesabu magugu, kipande kwa kipande. Huo ndio mtihani wangu wa kuingilia."

Baba yake, Kalisti, mtu wa maneno machache, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Mama yake, Cornelia, akacheka.

"Haya, msomi wangu. Hatugusi."

Sasa sikiliza Cornelia alivyosikia. Maishani mwake hajapata kuona mtoto aliyelelewa vizuri anayeondoka nyumbani akasema, "Nilimieni." Mtoto mwenye adabu husema, "Msijisumbue," na mzazi mwenye utu hujisumbua. Yeye mwenyewe alipojifungua alimwambia mama mkwe asijisumbue, na mama mkwe akajisumbua miezi mitatu. Kwa hiyo Hellena aliposema msiguse, Cornelia aliona moyoni, Yesu wangu, huyu mtoto hakuharibiwa na chuo, bado anawaonea wazazi wake huruma. Na hiyo habari ya kuhesabu magugu? Aliiona ni utani. Nani duniani anahesabu magugu?

Januari mvua zikashuka kwa hasira. Februari vile vipande vikawa aibu ya kijiji. Shamba lote la Kalisti limepaliliwa, linang'aa, na kwenye kona yake pori linafika magotini, tena pembeni mwa njia, kila aendaye kisimani analiona. Asubuhi moja Masanja akapita na ng'ombe wake, akasimama, akaegemea fimbo.

"Mama Hellena! Hapa umenitengea malisho? Asante sana, sikujua unanipenda hivi."

Cornelia akacheka, maana Masanja ndivyo alivyo, kinywa chake hakina mlango. Lakini kicheko hakikushuka kooni. Jumapili yake, kwenye jumuiya, mama mmoja akauliza kwa sauti ya pole, ile sauti ya pole yenye sindano ndani, kama ni kweli msomi akirudi shambani huota magugu badala ya mahindi. Cornelia akarudi nyumbani, akatoa ulezi, akauloweka.

Pombe ya ulezi inajulikana. Mtu akiipika akaita watu waje walime, haachwi peke yake, hata na adui zake. Na ilibidi kuharakisha, kwa sababu Kwaresima ilikuwa mlangoni, na kwao Kwaresima pombe haipikwi. Jumamosi kabla ya Jumatano ya Majivu, watu ishirini na watatu wakaja na majembe. Kalisti alikuwa mjini Katandala kwenye msiba wa binamu yake. Aliporudi saa nne alikuta watu wako mstari mmoja, wanaimba, vipande sita vimekwisha. Akafungua mdomo. Akaufunga. Ungemwambia nini umati wa watu wenye jembe mkononi na pombe imeshaiva, tena mkeo yuko mbele yao na mgongo wake mbovu, analima kuliko wote?

Kazi ilifanyika kwa mapenzi. Magugu yote yaling'olewa, yakachomwa. Vile vipande vyenye mahindi yaliyogeuka manjano, vilivyoachwa bila kitu, vikaonewa huruma, vikawekewa mbolea iliyobaki. Na vijiti vya rangi, ili jembe lisivivunje, Cornelia alivichomoa kimoja kimoja, akavifunga kwa kamba ya katani, akavitunza juu ya kabati.

Hellena akaja Machi. Mama yake hakumpa hata nafasi ya kutua begi. Alimshika mkono, akampeleka shambani akikimbia kama msichana.

"Haya, fumbua macho! Unaona?"

Hellena aliona. Mahindi yamesimama sawasawa, kijani kibichi, vipande tisa kama kimoja. Huwezi kujua kipi cha bibi, kipi cha mfuko, kipi cha bure. Chini udongo mtupu, safi, umefagiliwa kama uwanja wa kanisa.

"Watu ishirini na watatu," Cornelia alisema, machozi yakimlenga kwa furaha. "Ishirini na watatu, mwanangu! Hata Masanja aliacha ng'ombe akaja. Na vijiti vyako nimekutunzia, hakijapotea hata kimoja."

Nimesikia watu wakisema Hellena angepaswa kucheka. Waseme wao. Yeye alimchukia mama yake. Ndiyo, alimchukia, kwa dakika moja nzima, chuki safi isiyo na maji, akiwa ameshika mkono wake uleule uliotoka malengelenge kwa kulima. Kisha akasema, "Asante, mama."

Jioni Kalisti alimkuta nyuma ya ghala, analia huku amejiziba mdomo kwa kanga.

"Mimi najua," alisema. "Nilichelewa kufika."

"Baba, nilisema msiguse. Nilisema kwa Kiswahili."

"Ulisema." Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akavuta pumzi. "Naomba kitu kimoja tu. Usimwambie. Alilala siku tatu baada ya ile kazi, mgongo haugeuki. Ukimwambia alichokuharibia, utakuwa umemzika."

Hellena akakubali. Na hapo mimi ninamlaumu Kalisti, mtu mwema, kwa sababu wema mwingine ni woga uliovaa koti la Jumapili.

Akarudi chuoni bila hata namba moja ya kuandika. Huko alimweleza rafiki yake Abel, naye aliomba Programu hiyohiyo, na Abel akamshangaa. "Sasa unalia nini? Pika data, mshikaji. Nani atakwenda Sumbawanga kuhesabu magugu yaliyokwisha kuchomwa?" Hellena hakutaka. Alikaa na karatasi tupu hadi Mei. Alianza barua tatu kwa mwenyekiti wa jopo la Programu, Dokta Nestory, kumwambia ukweli, akazifuta zote, maana kila mara aliona mlango unafungwa na yeye yuko nje. Mwisho akajiambia kwamba bibi hakuwa mwongo. Kwamba shamba lingeachwa, namba zingetoka hivyohivyo. Basi akazipika. Akazipika vizuri, kwa akili ileile iliyompatia maksi: kipande hiki magugu arobaini na moja, kile mia mbili na sita, kingine mia nne na kumi na mbili. Hata makosa madogo aliyatia, ili zifanane na za kweli.

Akaingia kwenye kumi na wanane wa mwisho. Usaili ukapangwa Julai kwa mtandao, kila mmoja akiwa karibu na shamba lake, na masharti yalisema jambo moja la ajabu kidogo: robo saa ya mwisho mwombaji ataeleza utafiti kwa Kiswahili chepesi, ambacho mkulima yeyote ataelewa.

Baridi ya Julai mnaijua, ile ya kuvaa makoti mawili. Steshenari ya dada Klementina pale Mazwi, mjini, ndiyo iliyokuwa na kompyuta yenye kamera na mtandao wa kuaminika, na chumba cha nyuma chenye mlango. Hellena alitaka aende peke yake. Cornelia akakataa katakata. Atakwendaje peke yake, kama yatima? Alivaa kitenge chake cha WAWATA, chama cha akina mama Wakatoliki, akafunga mahindi sita makubwa ndani ya kanga, ya vile vipande, akapanda bodaboda nyuma ya binti yake.

"Mama, utakaa pale nyuma. Kimya."

"Mimi nitasema nini kwa maprofesa?"

Nusu saa ya kwanza ilikwenda kwa Kiingereza, na ilikwenda vizuri mno. Nyuso tatu kwenye kioo, zinatabasamu, zinaandika. Hellena alijibu kama anasoma kitabu alichokiandika mwenyewe, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Alianza kuamini. Aliona jina lake kwenye orodha ya kumi na wawili, nafasi ya tatu au ya nne. Kisha Dokta Nestory akavua miwani, akahamia Kiswahili.

"Vizuri sana, binti. Sasa ile robo saa yetu. Nani huyo mama aliyekaa nyuma yako?"

"Ni mama yangu."

"Ni mkulima?"

"Ndiyo, Dokta."

"Basi tumepata bahati." Akacheka kwa upole, mzee wa watu, hakuwa na ubaya wowote. "Sisi tuache. Geuka umweleze yeye."

Hellena aligeuka. Kiti kililia. Cornelia akakaa wima, akaweka mikono magotini, akamtazama binti yake kama anavyomtazama padri anapoinua Ekaristi. Hajapata kuelezwa na mtu utafiti ni nini.

"Mama," Hellena alianza. "Tulikuwa na vipande tisa. Hatukuvipalilia, ili tuone. Kwenye intumba za bibi, magugu yaliota machache, kama arobaini kila kipande. Kwenye vile vilivyoachwa bila kitu..."

Akasita.

"Endelea tu," sauti ilisema kutoka kwenye kompyuta.

"Yaliota zaidi ya mia nne. Tuliyaacha mpaka Machi, nikayahesabu."

Cornelia hakuelewa mara moja. Uso wake ulibaki na lile tabasamu, kisha tabasamu likapotea njia. Alitazama kompyuta, akamtazama mtoto. Mbele ya wasomi watatu, wageni, watu wa heshima, binti yake wa kuzaa anasema shamba la Cornelia lilikuwa na magugu mia nne, likaachwa hivyo hadi Machi!

"Hellena! Magugu yapi?"

"Mama, tafadhali."

"Hapana, magugu yapi?" Alishasimama. Alishafika mezani, ameinama mbele ya kamera, kitenge chote kimejaa kwenye kioo. "Habari zenu, waheshimiwa. Msimsikilize, huyu mtoto amechoka, masomo mengi. Kwetu hakuna shamba la magugu. Tulipalilia vyote tisa, Jumamosi kabla ya Majivu, watu ishirini na watatu, nilipika pombe mimi mwenyewe. Yale yaliyokuwa dhaifu tukayatia mbolea. Muulizeni mwenyekiti wa kijiji. Tazameni!" Akafungua kanga, akainua hindi moja juu ya kamera, jeupe, limejaa hadi ncha. "Hili limetoka kwenye magugu, hili?"

Mmoja wa wale watatu aliweka kalamu chini.

"Mama," Dokta Nestory aliuliza taratibu, "vyote tisa?"

"Vyote, baba. Haki ya Mungu. Hakuna kipande kilichoachwa."

"Asante, mama. Umetueleza vizuri kabisa." Akavaa miwani yake. "Hellena, rudi hapa."

Cornelia akakusanya mahindi yake, akatoka nje ameridhika, na Hellena akarudi mbele ya kioo, uso umekauka.

"Ungetuandikia Machi," alisema Dokta Nestory, na sauti yake haikuwa ya hasira, afadhali ingekuwa. "Shamba kuharibika ni kawaida. Mwenzako mmoja shamba lake lililiwa na ng'ombe, alituambia, tumemwongezea msimu, na nafasi yake iko palepale. Wewe ungepewa hivyohivyo. Ila hizi namba ulizoandika... hizi siwezi kuzifukia." Kioo kikawa cheusi.

Nje, Cornelia alikuwa anamsimulia Klementina jinsi alivyozungumza na maprofesa. Alipomwona binti yake akashusha sauti.

"Wameridhika? Nilikusemea."

Hapo Hellena alipasuka. Miezi minne aliyoifungia kifuani ilitoka yote, pale barabarani Mazwi, watu wa baiskeli wakigeuza shingo. "Mmeniua, mama! Nilisema msiguse! Mtihani ulikuwa ni hayo magugu! Hayo hayo mliyoyachoma!" Alisema yote, la pombe, la vijiti, la baba, la namba. Hakubakiza.

Cornelia alisikiliza akiwa amekumbatia mahindi yake. Ilimchukua muda mrefu kuelewa, na alipoelewa hakulia.

"Nilidhani ni adabu," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Mbona hukuniambia mwezi wa tatu? Ningekwenda kuwaambia mimi mwenyewe kwamba kosa ni langu."

Hellena akageuka, akaenda kutafuta bodaboda.

Barua ilikuja Agosti. Programu wamemkataa, na kwa namba za kughushi amesimamishwa masomo mwaka mzima. Abel aliingia; namba zake za kupika hakuna mama aliyezisikia. Hellena akabaki Milanzi, anafunga kuni, anachota maji, anaitikia shikamoo za watoto wanaomwita "mwalimu" kwa kukosa jina lingine. Nyumbani hapakuwa na ugomvi. Afadhali ungekuwepo.

Novemba walipoanza kulima, Cornelia alisema kona ile ya vipande tisa ataishughulikia yeye. Aliipanda peke yake. Mvua zikaja, Januari ikafika, shamba zima likapaliliwa, na kona ile ikaota magugu. Yakafika magotini. Yakafika kiunoni. Masanja akapita, akatania kama kawaida yake, Cornelia hakumjibu. Kwenye jumuiya wakamsema waziwazi, kwamba kuzeeka kumemfikia, au mtoto aliyefukuzwa chuo amemtia uvivu. Alikaa kwenye benchi, akasali rozari yake, akanyamaza. Mwanamke huyu, ambaye angeweza kufa kwa ajili ya jani moja la gugu.

Hellena alivumilia hadi siku moja asubuhi hakuweza tena. Aibu ya mama yake ilimuuma kuliko yake mwenyewe. Akachukua jembe, akaenda kuyafyeka yote kabla watu hawajaanza kwenda kisimani. Alipofika karibu aliona vijiti. Vyekundu, vya bluu, vyeupe, vimechomekwa kwenye vipande tisa, vingine mahali pasipo pake, maana Cornelia hakukumbuka kipi kilikuwa wapi.

Akainua jembe.

"Weka chini!"

Mama yake alikuwa anakuja mbio kwenye umande, mkono umeshika mgongo, kanga inaburuta.

"Mama, hakuna tena mtihani. Wanakucheka."

"Wacheke." Cornelia alimfikia, akamnyang'anya jembe, akahema. "Ulisema visiguswe. Sijagusa hata jani. Kaa hapo, mwanangu, uyahesabu."